Haditeli ya chuma kwa njia zote: mwongozo kamili wa kuichagua, kuikagua na kuitunza

Watu wakiniuliza wanunue baiskeli gani ya mlimani, swali lao la kwanza huwa ni gia: ina gia ishirini na moja au ishirini na nne? Mimi huwarudisha kwenye fremu. Gia zitaisha. Cheni itaisha, tairi zitakuwa vipara, breki utabadilisha, hata kiti utampa mtu mwingine ukichoka nacho. Fremu ndiyo utakayobaki nayo. Ukipata fremu nzima, inayokutosha, yenye vipimo ambavyo vipuri vyake vipo madukani, hayo mengine utayajenga kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Ukikosea hapo, kila shilingi utakayoiongeza baadaye imepotea.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka baiskeli moja tu: ya kwenda nayo kazini Jumatatu, ya kupandia vilima Jumamosi, na ya kufungia mizigo akitaka safari ya siku tatu. Mimi naendesha Arusha, kwenye vumbi la volkano chini ya Mlima Meru na kwenye nyika ya miba upande wa Monduli, na mara kadhaa nimeipeleka baiskeli yangu Lushoto kwenye vichochoro vya Usambara. Mifano mingi humu ni ya huko.

Haditeli ni baiskeli ya mlimani isiyo na shokapu nyuma. Mbele inaweza kuwa na foki yenye shokapu au foki ngumu, lakini nyuma ni mabomba matupu yaliyounganishwa, hakuna kiungo kinachocheza. Ina vitu vichache vya kuharibika, na nguvu za miguu zinakwenda moja kwa moja kwenye tairi.

Kwa nini chuma

Baiskeli ya mlimani ilizaliwa ikiwa ya chuma. Miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walikuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za matairi mapana, na mashindano yao ya Repack yalianza 1976. Baiskeli zile zilikuwa nzito na zilivunjika ovyo, ndipo Joe Breeze akaanza mwaka 1977 kutengeneza fremu mahsusi kwa kazi hiyo, akitumia mabomba ya kromoli, chuma chenye nguvu kuliko kile cha kawaida. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, ambayo ndiyo iliyoifikisha baiskeli ya aina hii kwa watu wengi, nayo ilikuwa ya chuma vilevile.

Chuma ni kizito, na hilo sitalificha. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85, ya alumini ina gramu 2.7 tu. Lakini chuma ni kigumu kukunjika karibu mara tatu ya alumini, kwa hiyo bomba lake linaweza kuwa jembamba sana na bado likabeba mzigo. Mwishowe fremu nzuri ya kromoli inakuwa na kilo 2.3 hadi 2.8. Ukiilinganisha na ya alumini, tofauti haifiki chupa ya lita moja ya maji. Mtu anayeendesha kwa kujifurahisha na kusafiri hatapungukiwa na kitu.

Unachopata badala ya uzito huo ni uvumilivu. Chuma kina kiwango chake: mtikiso ukiwa chini ya hapo, hata ukijirudia mara milioni, hakichoki. Alumini haina kiwango hicho, kila mtikiso unaiweka karibu zaidi na ufa, ndiyo maana watengenezaji huiongezea unene. Chuma kikianza kupasuka, kwa kawaida hupasuka polepole, kinatoa mstari wa kutu kwenye rangi, kinalia, unapata muda wa kushuka. Na kikipinda kidogo, kinanyooshwa.

Hatua ya kwanza: jua ni chuma gani

Beba sumaku ndogo mfukoni, hata ile ya spika mbovu. Ikinata kwenye bomba, ni chuma. Isiponata, si chuma, mara nyingi ni alumini, hata muuzaji akiapa. Ila sumaku haitakwambia kama ni chuma cha kawaida au kromoli, na tofauti yake ni kubwa.

Chuma cha kawaida, ambacho kwenye stika huandikwa "Hi-Ten", ndicho kilichotumika kwenye baiskeli nyingi za bei ya chini. Hakina nguvu nyingi, kwa hiyo bomba hufanywa nene na zito. Kromoli ni chuma kilichochanganywa na kromiamu karibu asilimia 1 na molibdeni kidogo. Kina nguvu zaidi, kwa hiyo bomba huwa jembamba. Kwenye mabomba bora, ncha huachwa nene pale yanapounganishwa na katikati hupunguzwa, kwa mfano milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati. Fremu ya namna hiyo inanesa kidogo ukipita kwenye mawe, mgongo unaona tofauti.

Soma stika taratibu. "4130" au "Cro-Mo" ni dalili njema. Majina kama Reynolds ya Uingereza, Columbus ya Italia na Tange ya Japani ni ya watengeneza mabomba wenye heshima yao. Lakini stika ikisema kromoli ni ya mabomba matatu makuu tu, elewa kwamba nyuma kote ni chuma cha kawaida. Si kosa la kukufanya uikatae, ni sababu ya kushusha bei.

Na kama stika imebanduka? Hapa kuna mbinu niliyofundishwa na fundi mmoja mzee, nami nimeitumia mara nyingi kwenye fremu za zamani. Chomoa nguzo ya kiti na usome namba iliyogongwa karibu na mwisho wake. Bomba la kiti kwa fremu hizo huwa na upana wa milimita 28.6 kwa nje. Nguzo ikiwa ya 27.2, ina maana ukuta wa bomba hauzidi milimita 0.7, na chuma cha kawaida hakifanywi chembamba hivyo kwenye baiskeli ya kazi. Hiyo ni kromoli. Nguzo ikiwa ya 25.4, ukuta ni milimita 1.6: umeshika chuma cha kawaida, hata rangi ing'ae namna gani. Fremu mpya zina mabomba mapana zaidi na nguzo za 30.9 au 31.6, kwa hizo mbinu hii haifai.

Hatua ya pili: ikutoshe

Usinunue fremu isiyokutosha kwa sababu ni nzuri. Nimewaona watu wengi wakifanya hivyo, na baiskeli inaishia kuning'inia ukutani.

Simama ukiivuka baiskeli, miguu yote chini, umevaa viatu vyako vya kila siku. Kati ya bomba la juu na mwili kuwe na nafasi ya sentimita 5 au zaidi. Kisha kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke wote bila nyonga kuinama upande. Ukihamishia kwenye pedeli ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio urefu wa kiti. Sasa shika usukani. Ukihisi unajinyoosha kama unafikia kitu cha juu ya kabati, fremu ni ndefu mno, na ukiona magoti yanakaribia usukani unaposimama kukanyaga, ni fupi.

Baiskeli za zamani zilipimwa kwa inchi za bomba la kiti, na mtu wa sentimita 170 alifaa zaidi kwenye 17 au 18. Za sasa huandikwa S, M, L, na bomba lao la juu limelala chini, kwa hiyo kinachohesabika zaidi ni urefu wa mbele, kutoka kwenye krenki hadi shingo, lile bomba fupi la mbele linaloshika foki na usukani. Unaweza kurekebisha sentimita moja au mbili kwa kubadilisha kishikio cha usukani. Zaidi ya hapo unaharibu namna baiskeli inavyogeuka.

Hatua ya tatu: vipimo ambavyo vipuri vyake vipo

Hapa ndipo ningekuomba uende polepole kuliko mahali pengine popote. Chukua rula.

Anza na nafasi kati ya masikio ya nyuma, pale ekseli inapokaa. Milimita 135 ndicho kipimo kilichotawala baiskeli za mlimani tangu miaka ya 1990, na magurudumu yake yamejaa kwenye mitumba. Ukikuta 130, fremu ni ya zamani zaidi, lakini ikiwa ya chuma fundi makini anaweza kuipanua hadi 135 bila kuidhuru. Kwa alumini usijaribu. Fremu mpya hutumia ekseli nene ya kupenyeza, 142 au 148. Ni imara, ila gurudumu likivunjika ukiwa Lushoto hutapata jingine la kuazima.

Gurudumu la nyuma lenyewe liangalie kwa ndani. Kuna la friwili, ambapo seti nzima ya meno imefungwa kwa nyuzi kwenye habu, na kuna la kaseti, ambapo meno yanavishwa juu ya habu yenyewe. Kwenye friwili, beringi ya kulia iko mbali na ncha ya ekseli, kwa hiyo ukibeba mzigo au ukiruka shimo, ekseli inapinda na baadaye inakatika. Kwenye kaseti beringi imesogezwa nje karibu na fremu. Kwa mtu wa njia za mawe, chagua kaseti.

Kwenye krenki, tafuta bomba lenye nyuzi, la upana wa milimita 68 au 73. Mafundi wengi wana beringi zake. Likiwa la kusukumiza bila nyuzi, litalia kwenye vumbi na utahitaji zana maalumu. Jambo moja ambalo limeharibu fremu nyingi nzuri: kikombe cha beringi cha upande wa cheni kina nyuzi za kinyume, hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea saa inavyokwenda. Mkumbushe fundi kabla hajaongeza bomba kwenye spana.

Shingo ya inchi 1⅛ iliyonyooka inafanya kazi, lakini foki nyingi za sasa zina shina linalopanuka chini na hazitaingia. Bomba la shingo la milimita 44 kwa ndani linakubali zote mbili kwa vikombe vinavyofaa. Ukikuta chuma chenye shingo hiyo kwa bei unayoweza, usikae ukifikiria sana.

Mwisho pima nafasi ya tairi kati ya mabomba ya nyuma. Tairi la inchi 2.4 lina milimita 61 hivi. Ongeza angalau 6 kila upande. Anayepita kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wakati wa masika aongeze zaidi, maana udongo ule unajibandika kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka na unalazimika kuibeba baiskeli begani.

Magurudumu na mtego wa namba 26

Kuna saizi tatu kwenye baiskeli za mlimani: 26, 27.5 na 29. Kubwa linavuka mawe na mashimo kwa urahisi zaidi, dogo ni jepesi kugeuza na ni imara. Kwa njia zote, mtu wa kimo cha wastani kwenda juu atalifurahia la 29. Mfupi wa sentimita 160 mara nyingi hukaa vizuri zaidi kwenye 27.5 au 26.

Lakini jina la inchi lisikudanganye. Duka la vipuri litakuuzia tairi la "26" la baiskeli ya kawaida ya mjini, lililoandikwa 26 × 1⅜, nawe utafika nyumbani na kukuta halikai kwenye ringi yako. Ringi ya mlimani ya 26 ina kipenyo cha milimita 559, na ile ya mjini ni 590. Soma namba ndogo zilizochapwa ubavuni mwa tairi, kama 57-622. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha ringi. 559 ni 26, 584 ni 27.5, 622 ni 29. Ukishajua hizo tatu, hakuna atakayekuuzia lisilo lako.

Kuhusu valvu: ringi iliyotobolewa kwa valvu nene kama ya gari inakuwezesha kujaza upepo kwa yeyote anayeziba pancha barabarani. Valvu nyembamba inahitaji pampu yako mwenyewe au kile kichwa kidogo cha shaba, ambacho hupotea siku unayokihitaji. Beba viwili.

Kwa miba ya migunga, tairi lisilo na tyubu lenye dawa ya kuziba ndani limeniokoa kuliko kitu kingine chochote. Nimefika nyumbani nikahesabu miba tisa kwenye tairi la nyuma, upepo bado umo. Kama unatumia tyubu, usishushe upepo sana: mtu wa kilo 75 kwenye tairi la 2.4 aanze na psi 28 au 30. Bila tyubu anaweza kushuka hadi 22 au 25, na hapo ndipo chuma na tairi pana vinapofanya kazi pamoja.

Hatua ya nne: pembe na foki

Pembe ya shingo ndiyo inayoamua baiskeli itatulia au itahangaika kwenye mteremko. Fremu za miaka ya 1990 zilikuwa na digrii 70 au 71, zinageuka haraka, zinapanda vizuri, lakini kwenye mteremko mkali unahisi unataka kupita juu ya usukani. Kwa matumizi ya kila namna mimi napendekeza 67 hadi 69. Chini ya 66 ni baiskeli ya mtu anayetafuta miteremko, na barabarani itakuchosha.

Urefu wa shokapu ufuate fremu. Milimita 100 hadi 130 zinatosha kabisa. Usiweke foki ndefu kuliko ile fremu iliyokusudiwa: kila milimita 20 za ziada zinalegeza pembe kwa takriban digrii moja na kuongeza mzigo kwenye shingo, mahali ambapo fremu hupasukia. Fremu ya zamani iliyoundwa kwa foki ngumu au shokapu ya milimita 63 haiwezi kubeba ya 120.

Sasa neno ambalo wauzaji hawalipendi. Kama pesa haitoshi foki nzuri ya upepo yenye marekebisho ya kasi ya kurudi, chukua foki ngumu ya chuma. Shokapu ya bei rahisi ya springi ina uzito wa kilo 2.5 hivi, inadunda kama godoro, na vumbi la Arusha likishaingia kwenye sili zake inakwama katikati. Foki ngumu na tairi la 2.4 lenye upepo wa kiasi itakupeleka Usambara na kukurudisha. Shokapu utaiweka ukipata.

Gia na breki

Hapa sitakaa sana. Usitishwe na seti mpya za gia kumi na mbili nyuma. Ile ya kisasa ya meno 32 mbele na 51 nyuma inakupa uwiano wa 0.63. Krenki ya zamani ya sahani tatu, meno 22 mbele na 34 nyuma, inakupa 0.65. Kwenye gurudumu la 26, hiyo ya zamani inakusogeza kama mita 1.34 kwa mzunguko mmoja wa pedeli, na ya kisasa kwenye gurudumu la 29 inakusogeza mita 1.45. Yaani ya mzee ni nyepesi zaidi kwenye mlima. Cheni za gia nane na tisa zinapatikana, zinavumilia vumbi na hazikuumizi mfuko. Anayetaka sahani moja tu mbele aangalie microSHIFT Advent, gia tisa zenye meno 11 hadi 42.

Breki za V, zile zinazobana ringi, zinatosha kwenye njia kavu, ila zinakula ringi. Pitisha kucha kwenye ubavu wa ringi: ukihisi umeingia ndani kama bakuli, ringi hiyo inakaribia kupasuka. Kwenye tope na miteremko mirefu chukua diski. Za waya unazitengeneza popote. Za mafuta ni tamu zaidi, lakini breki za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Mafuta ya breki ya gari yanayouzwa kila duka la vipuri yataharibu mipira yake ndani, na breki itakufa.

Hatua ya tano: kukagua ya mtumba

Nenda asubuhi, jua likiwa bado liko chini, maana mwanga wa pembeni unaonyesha mikunjo ambayo jua la saa sita linaificha. Ng'oa matope kwa kitambaa chenye maji. Muuzaji mwenye baiskeli nzuri hatakukataza.

Piga magoti mbele ya baiskeli na upitishe kidole chini ya bomba la chini, sentimita chache nyuma ya shingo, kisha chini ya bomba la juu mahali palepale. Unatafuta wimbi, mkunjo mdogo kama wa ngozi kwenye kiwiko. Rangi hapo inaweza kuwa na nyufa nyembamba za kukingama. Hiyo ni baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele. Iache. Tazama pia foki kutoka ubavuni: miguu yake isiwe imerudi nyuma.

Kisha uzi. Natembea na uzi wa mshonaji wa mita tatu. Funga ncha kwenye sikio la nyuma la kushoto, upitishe mbele kwa kuzungusha bomba la shingo, urudishe hadi sikio la kulia na uukaze. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Namba zikilingana, au zikipishana milimita moja au mbili, fremu imenyooka. Mara moja nilipata 41 kushoto na 48 kulia kwenye baiskeli iliyong'arishwa vizuri sana, na muuzaji mwenyewe hakuwa anajua. Tulipunguziana bei, fundi akainyoosha, nayo inaendeshwa mpaka leo.

Jaribu kuchomoa nguzo ya kiti. Nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma ikikaa miaka bila grisi hushikana na haitoki. Ikigoma, hesabu gharama ya kuikata. Ikitoka, mulika tochi ndani ya bomba. Kutu ya unga wa rangi ya chungwa si ugonjwa. Magamba yanayodondoka ukiipindua baiskeli na kuigonga kwa kiganja ni ugonjwa, hasa kwa zilizokaa Tanga, Mombasa au Unguja kwenye chumvi ya bahari. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi chini ya bomba la krenki, maji hukusanyika hapo. Isibonyee.

Mwisho zungusha magurudumu, tikisa krenki kushoto na kulia, bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma kusikiliza shingo. Hivyo vyote vinatengenezeka. Tengeneza orodha, jumlisha, toa kwenye bei. Mimi huacha theluthi ya pesa yangu pembeni kwa ajili ya tairi, cheni, waya na beringi, na sijawahi kurudi nayo nyumbani.

Kuhusu kuchomelea

Utasikia kila mahali kwamba chuma kinachomelewa na fundi yeyote. Ni kweli nusu, na ile nusu nyingine iliniumiza. Nilikuwa njiani, nimebeba mizigo, bomba la nyuma la kushoto likapasuka karibu na sikio. Karakana ya kwanza niliyoikuta walikuwa na mashine ya umeme ya kuchomelea mageti. Sekunde mbili, na penye ufa pakawa na tundu la ukubwa wa punje ya mahindi.

Niliirudisha mjini kwa basi, nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza baiskeli za wauza maziwa. Nikamwamkia, akapokea fremu, akaizungusha kwenye mwanga. "Mwanangu," akasema, "bomba hili ni kama karatasi. Ukilichoma kwa umeme linatoboka. Hili linataka gesi na shaba." Alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa pande zote, akakata kipande cha bomba akakifanya mkono wa kuvisha juu ya ufa, akakipasha polepole mpaka kikawa chekundu, ndipo akagusisha ufito wa shaba. Shaba ikayeyuka na kukimbia yenyewe kuingia kwenye upenyo, kama maji yanavyonyonywa na kitambaa. Nilinyanyua kopo la maji nipoze, akanizuia mkono. Chuma kilichopashwa hivyo huachwa kipoe chenyewe, maji yanakifanya kiwe kikavu na chepesi kukatika.

Kwa hiyo ufa wa nyuma, sikio lililovunjika, kishikio cha kerea: tafuta mwenye gesi na shaba. Ufa kwenye shingo usiurudishe milimani, fremu ikiachia hapo utaangukia uso. Na fremu za chuma kilichoimarishwa kwa moto, kama Tange Prestige, hupoteza sehemu ya nguvu zao kila zinapopashwa, kwa hiyo matengenezo yake yawe ya dharura.

Ukitaka mpya

Kuna wanaoendelea kutengeneza chuma kwa moyo. Surly Karate Monkey ya Marekani ni ya kromoli, ya 29, ina matundu mengi ya kufungia mizigo, na masikio yake ya nyuma yana milimita 145 ili yakubali habu ya 142 au ya 148. Kona Unit na Marin Pine Mountain ziko katika kundi hilohilo. Cotic ya Uingereza hutumia mabomba ya Reynolds 853 kwa wanaotaka wepesi zaidi. Kabla ya kuagiza, muulize wakala wa forodha ushuru wote, na agiza pamoja nayo sikio la gia la akiba. Ni kipande kidogo kama biskuti kinachoshikilia mkono wa gia wa nyuma, kila fremu ina lake, na kikivunjika hutakipata hapa.

Wiki ya kwanza

Kabla hujaiendesha, ivue yote. Mwaga mafuta ya kitani ndani ya mabomba kupitia bomba la kiti, iviringishe pande zote, iache imening'inia usiku kucha ikichuruzika. Hakikisha tundu dogo chini ya bomba la krenki liko wazi. Paka grisi nguzo ya kiti, nyuzi za krenki, ekseli za pedeli na kila bolti. Pedeli ya kushoto nayo ina nyuzi za kinyume.

Endesha kilomita 50 karibu na nyumbani. Kisha kaza upya krenki, usukani na spoku zilizolegea, angalia kama mnyororo unagusa mahali, na weka alama ya kalamu kwenye nguzo ya kiti pale miguu ilipokubali. Baada ya hapo panda nayo mlima ulio karibu nawe, na ukifika juu ugeuze baiskeli chini juu, pitisha kidole tena kwenye maungio yote tisa au kumi ya fremu, ujue kila moja linavyokuwa likiwa zima.